Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F? Kwa mhariri wa harusi, itazame vizuri ile F

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Niko Mwanza, nasoma chuo mwaka wa tatu, na mwisho wa wiki tunarekodi harusi mimi na binamu yangu, kisha nahariri video mwenyewe. Kompyuta yangu ni ya mtumba iliyotoka ofisini: Core i5-4590, RAM ya GB 8, na kadi ya GTX 1650 niliyoiongeza baadaye. Nacheza EA FC na Counter-Strike 2. Nimeweka akiba na nimebaki na prosesa mbili, Ryzen 5 5600 na Core i5-12400F. Muuzaji ananiambia nichukue Ryzen kwa sababu ina gigahezi 3.5 na Intel ina 2.5 tu. Tatizo jingine, binamu amenunua kamera mpya, na video zake za H.265 za biti 10, zimeandikwa 4:2:2, zinakwama vibaya nikizifungua. Nichukue ipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu langu nalitanguliza: ningekuwa mimi, kwa kazi uliyoieleza, ningeziacha zote mbili nikachukua ya tatu iliyokaa jirani yao kabisa, Core i5-12400 isiyo na F mwishoni. Sababu yake haiko kwenye gemu. Iko kwenye ile kamera ya binamu yako, na nitafika huko. Kwanza tuiondoe ile hesabu ya gigahezi, maana imewapotezea watu wengi pesa.

Hizo 3.5 na 2.5 alizokusomea muuzaji ni kasi ya msingi, yaani kiwango cha chini ambacho kiwanda kinaahidi prosesa itakishikilia ikielemewa na kazi nzito ndani ya wati zake 65. Ukiwa unacheza mpira au unahariri, prosesa haikai hapo. Inapanda. Na kileleni hizi mbili ziko sawasawa, gigahezi 4.4 kila moja. Ushahidi mwingine uko mezani kwako sasa hivi: i5-4590 yako, ya mwaka 2014, ina kasi ya msingi ya 3.3. Kwa hesabu ya muuzaji ingekuwa inaishinda 12400F, na wewe unajua inavyohema ukifungua Counter-Strike 2 huku kivinjari kimebaki wazi nyuma.

Gigahezi ni mdundo tu. Wachukue watwangaji wawili wanaopiga mchi kwa mdundo mmoja: mwenye kinu kikubwa ndiye atakayemaliza kwanza, kwa kuwa kila pigo lake linakoboa nafaka nyingi zaidi. Prosesa yako ya zamani ina kinu kidogo, tena ina viini 4 vinavyoshika kazi 4 tu kwa wakati mmoja. Hizi mpya zina viini 6 kila moja, na kila kiini kinashika nyuzi 2 za kazi, jumla 12. Ukitaka kuzipambanisha zenyewe kwa zenyewe, kinu cha Intel ni kikubwa kidogo. Katika kazi inayotegemea kiini kimoja, 12400F huiacha 5600 kwa takriban sehemu moja ya kumi.

Mbona basi Intel haishindi moja kwa moja kwenye gemu? Kwa sababu ya kashe, ile hifadhi ndogo ya kasi iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Fundi cherehani mwenye uzi, vifungo na mkasi mezani atakushonea haraka kuliko yule anayeinuka kila mara kwenda dukani, hata kama mikono yao ina wepesi uleule. Kwa prosesa, duka ni RAM, na safari ya kwenda huko ni ndefu. Ryzen 5 5600 ina megabaiti 32 za kashe ya ngazi ya 3, Intel ina 18. Gemu zinapenda sana kashe, kwa sababu kila fremu inauliza upya mambo yaleyale: mchezaji yuko wapi, mpira unaelekea wapi, nani kamkaribia nani. Hivyo Ryzen inarudisha kwa kashe kile inachopoteza kwenye kinu, na mwisho wa yote zinakaribiana mno. Gemu moja itapendelea hii kwa fremu chache, nyingine itapendelea ile. Mtu akikuapia kwamba moja "inaiua" nyingine kwenye gemu, mwombe akuonyeshe kadi ya grafiki aliyopimia na mipangilio aliyotumia.

Maana kwako wewe, leo, hata hizo fremu chache hutaziona. GTX 1650 ni kadi ya mwaka 2019 yenye kumbukumbu ya GB 4. Ukiwa na kioo cha 1920 kwa 1080 na ukapandisha ubora wa picha, kadi ndiyo itakayochoka kwanza, na prosesa itakaa ikiisubiri. Unaweza kulipima hili jioni ya leo bila kununua kitu. Fungua gemu, andika idadi ya fremu unazopata, kisha shusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720 na usiguse kitu kingine. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inazuia. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo iliyobanwa. Kwa i5-4590 natarajia utapata majibu mawili tofauti: kwenye EA FC kadi italaumiwa zaidi, na kwenye Counter-Strike 2, hasa moshi na risasi vikichanganyika, prosesa.

Usiangalie wastani wa fremu peke yake. Kinachokera machoni ni ule mkwamo mdogo unaokuja ghafla, unapiga pasi na picha inasita. Kioo cha hezi 60 kinahitaji fremu mpya kila milisekunde 16.7. Fremu moja ikichelewa hadi milisekunde 50, jicho linaiona, hata kama wastani wa dakika nzima unasoma 90. Prosesa yenye nyuzi 4 hukwama hivyo kwa sababu gemu, Windows, kivinjari na maongezi ya sauti na marafiki vyote vinagombania viti vinne. Ukihamia kwenye mojawapo ya hizi mbili, hilo ndilo badiliko kubwa utakalolihisi, na utalihisi hata ukibaki na GTX 1650 hiyohiyo. Upande huo zote mbili zitakupa furaha ileile.

Sasa kamera.

H.265 ni namna ya kubana video ili faili liwe dogo, na ile ya biti 10 yenye 4:2:2 inabeba taarifa nyingi za rangi kuliko video ya kawaida ya simu, ambayo huwa ni 4:2:0. Kwa harusi ni jambo zuri: gauni jeupe chini ya taa za zambarau ukumbini linasahihishika bila ngozi ya bibi harusi kugeuka kijivu. Lakini kuifungua video hiyo ni kazi ngumu sana ikifanywa na viini vya kawaida, kwa hiyo kompyuta huitafuta sehemu maalumu ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. GTX 1650 yako inayo sehemu ya kufungua H.265, ila haijui 4:2:2. Ukinunua kesho RTX 3060 au RX 6600, ambazo ni kadi nzuri tu za gemu, hali itabaki ileile. Nvidia wenyewe waliiweka 4:2:2 kwenye kadi zao kuanzia kizazi cha RTX 50, kilichoanza kuuzwa Januari 2025.

Core i5-12400 isiyo na F inayo. Ndani yake kuna grafiki ndogo iitwayo UHD 730, dhaifu kabisa kwa gemu, lakini imebeba mtambo wa video wa Intel unaoitwa Quick Sync, na mtambo huo unafungua H.265 ya biti 10 ya 4:2:2 bila jasho. Programu kama Premiere Pro inautumia moja kwa moja. Herufi F maana yake grafiki hiyo imezimwa kiwandani. Ryzen 5 5600 haina grafiki yoyote tangu kuzaliwa. Basi mbili ulizoniletea zote zitalazimika kuifungua video ya binamu kwa nguvu za viini peke yake. Zitajitahidi, zitafanya vizuri kuliko mashine yako ya sasa, lakini ukiweka kamera mbili sambamba na kuanza kusahihisha rangi utarudi kwenye kukwamakwama kulekule. Prosesa hizi zilipotoka mwaka 2022, bei ya kiwanda ya 12400F ilianzia dola 167 na ya 12400 dola 192. Tofauti hiyo ya kama dola 25 sijui mahali pengine pa kuipeleka ikafanya kazi kubwa namna hii kwa mtu anayeishi kwa kuhariri.

Neno moja la kiufundi ambalo wengi hulikosa: ukiwa na kadi ya grafiki ndani, mazabodi nyingi huizima grafiki ya prosesa zenyewe. Ingia kwenye BIOS, ile programu ya mipangilio iliyomo ndani ya mazabodi, tafuta mpangilio wa grafiki ya ndani au ule unaoruhusu vioo vingi, uwashe, kisha weka draiva ya Intel. Bila hivyo utakuwa umelipia Quick Sync na haionekani.

Na kuna siku grafiki hiyo itakuokoa kwa njia nyingine. Miaka michache iliyopita niliwahi kuletewa kompyuta saa 3 usiku na kijana aliyekuwa na harusi ya kukabidhi asubuhi. Kadi yake ilikuwa imekufa, na prosesa yake ilikuwa na F. Kila kitu kilikuwa kizima, diski nzima, kazi yote imo ndani, lakini hapakuwa na pa kuchomeka kioo. Tulihangaika kutafuta kadi ya kuazima hadi usiku wa manane. Angekuwa na ile isiyo na F, angehamisha waya mmoja tu na kuendelea.

Nisiionee Ryzen, kwa sababu kuna watu ningewaambia wachukue 5600 bila kufikiri mara mbili. Kama ungekuwa tayari na mazabodi ya AM4, yaani yenye soketi ya kuwekea hizi Ryzen, tuseme B450 yenye Ryzen ya zamani, jibu lingekuwa hilo: unasasisha BIOS, unachomoa ya zamani, unaweka 5600, RAM na mazabodi vinabaki. Soketi ya AM4 imebeba Ryzen tangu mwaka 2017, na juu ya 5600 bado kuna ngazi ya kupanda: 5800X3D ya Aprili 2022 na 5700X3D ya Januari 2024, zote zikiwa na kashe ya megabaiti 96, ambazo kwa mtu wa gemu tupu ni mashine za heshima. Upande wa Intel, soketi ya LGA1700 inapokea kizazi cha 12, 13 na 14, kisha basi. Ukija kupanda huko siku moja, kumbuka kwamba prosesa nyingi za kizazi cha 13 na 14 zilipata tatizo la volti iliyokuwa ikizichakaza taratibu, na Intel walitoa marekebisho ya BIOS mwaka 2024. Ya mtumba iliyotumika kabla ya marekebisho hayo ningeiogopa. Kizazi cha 12, ambacho ndicho chako, hakimo katika tatizo hilo.

Ila wewe unaanza upya. RAM yako ni DDR3, mazabodi yako ni ya soketi nyingine kabisa, na hata pawa saplai ya kompyuta nyingi za ofisi ina vichwa vya waya vya namna yake ambavyo havitaingia kwenye mazabodi ya kawaida. Kwa hiyo faida kubwa ya Ryzen, kutumia ulichonacho, haikufikii.

Ukiamua Ryzen hata hivyo, jihadhari na majina yanayofanana. Ryzen 5 5600G ina grafiki ndani, lakini kashe yake ni megabaiti 16, nusu ya 5600, na njia yake ya kwenda kwenye kadi ni PCIe 3.0 badala ya 4.0. Ryzen 5 5500 nayo iko hivyohivyo kwa kashe na njia, tena haina grafiki. Nimeona zote tatu zikipangwa kwenye meza moja kama ndugu pacha. Ukiwa na kadi ya grafiki, 5600 ndiyo inayocheza gemu vizuri kati yao.

Kama utanunua ya mtumba, mahali pa kutazama panatofautiana. Ryzen za AM4 zina pini chini ya prosesa yenyewe. Igeuze kwenye mwanga, ilaze usawa wa jicho, utazame mistari ya pini kila upande. Hata moja ikiinama mstari utavunjika na utaiona. Intel ya LGA1700 chini yake ni bapa, pini ziko kwenye soketi ya mazabodi, kwa hiyo cha kukagua kwa makini ni mazabodi. Na siku ya kutoa feni kwenye AM4, washa kwanza kompyuta ipate joto, izime, kisha izungushe feni taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinua. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni ikikauka hung'ang'ania, na prosesa hung'oka pamoja na feni huku soketi ikiwa bado imefungwa. Pini nyingi zimeinama hivyo mikononi mwa mafundi wazuri tu.

Mazabodi: kwa 12400, H610 itawaka na itafanya kazi, lakini ina nafasi 2 tu za RAM. Kwa mhariri ningetafuta B660 au B760 yenye nafasi 4, ili ukiongeza RAM mwakani usilazimike kutupa ulizonazo. Hakikisha unasoma kama ni ya DDR4 au DDR5, kwa sababu mazabodi za soketi hii ziko za aina zote mbili na RAM hazibadilishani. DDR4 inakutosha. Nunua vijiti viwili, GB 8 kwa GB 8 ukibanwa, 16 kwa 16 ukiweza, na usinunue kijiti kimoja kikubwa. Kijiti kimoja kinaiachia prosesa barabara moja tu ya kwenda RAM, na gemu zinashuka fremu kwa sababu hiyo kuliko tofauti yoyote iliyopo kati ya 5600 na 12400.

Kwa matumizi ya kila siku, kuandika, kufungua kurasa 20 za intaneti, kikao cha video na mhadhiri, hutazitofautisha prosesa hizi hata ukifungwa kitambaa machoni na kubadilishiwa. Kinachotofautisha hapo ni diski. Kama bado una diski ya kuzunguka, SSD ya NVMe itabadilisha maisha yako kuliko prosesa. Na Windows 11, ambayo i5-4590 haikubaliwi rasmi, itaingia kwenye zote bila ujanja. Windows 10 ilishamaliza msaada wake Oktoba 14, 2025. Hakikisha tu TPM, sehemu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, imewashwa kwenye BIOS.

Umeme wa LUKU usikusumbue. Intel inaruhusiwa kupanda hadi wati 117 kwa kazi nzito ya viini vyote, Ryzen inabanwa kwenye wati 76, lakini kwenye gemu haziachani sana, na kompyuta ikiwa imetulia Ryzen ndiyo hula zaidi kidogo kwa sababu imejengwa kwa vipande viwili vya silikoni. Hata tukisema tofauti ni wati 30, saa 4 kila siku, kwa mwezi ni uniti 3.6. Kinachohitaji pesa ni UPS, ile betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Usisasishe BIOS bila hiyo, hata kama umeme haujakatika wiki nzima. Ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi nyingi haziwaki tena mpaka zifike kwa fundi mwenye kifaa cha kuandika upya chipu.

Mpango wangu kwako basi ni huu. Anza na i5-12400, B660 ya DDR4, vijiti viwili vya RAM, SSD, na pawa saplai yenye jina la kuaminika. GTX 1650 ibaki. Kusanya harusi mbili tatu, ndipo uitafute RX 6600 au RTX 3060. Ukihariri kuliko unavyocheza, hiyo ya Nvidia yenye GB 12 ndiyo itakayokufaa zaidi. Na dukani usilipe kwa kusoma boksi. Omba prosesa yenyewe, isome maandishi yaliyochongwa juu ya chuma, uone 12400 inaishia kwenye sifuri.